Kiungo Chenye Rangi ya Kucha

Dada yangu ni fundi umeme, na mdomo wake hauna breki. Miaka kumi na minane anatengeneza sola za watu, na sijawahi kumsikia akiisifu kazi ya fundi mwingine. Akifungua boksi la betri, kabla hajashika spana atauliza, "Nani huyu aliyefunga hivi? Alikuwa amefumba macho?" Kazi yake mwenyewe huitia alama. Kila kiungo cha waya akimaliza hukidondoshea tone la rangi ya kucha, nyekundu, ileile anayopaka vidoleni. Anasema hataki kusingiziwa uchafu wa wengine.

Mimi ni muuguzi. Kituo changu cha kazi ni karavani, chumba cha bati chenye magurudumu kinachovutwa na gari kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Ndani mna kitanda cha kupimia wajawazito, meza inayokunjwa ukutani na friji ndogo ya chanjo. Juu ya paa kuna paneli mbili, chini ya kitanda betri mbili. Mwaka huu friji ilianza kuzima ovyo. Chanjo ziliharibika mara ya kwanza, betri zikabadilishwa na fundi mmoja tunayemwita Kiraka. Chanjo zilipoharibika mara ya pili, nikaitwa ofisini.

Mratibu wa mradi wetu hakuuliza kitu. "Unawachajia watu simu," alisema. "Ndiyo maana betri zinakufa."

Simu! Mimi ambaye hata yangu naichaji nyumbani! Mimi niliyewarudisha bila chanjo kinamama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni, mpaka mmoja akanitukana mbele ya foleni nikaona ana haki! Mratibu akanionyesha barua ya kunifukuza kazi, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi tu. Akasema Jumatatu ataniletea kituoni.

Nilimpigia dada. Sikulia, nilifoka, naye akafoka kunizidi.

"Jumatatu usiwashe chochote mpaka nifike," aliniambia. "Hata taa. Ukigusa swichi nakukata vidole."

Alifika saa moja asubuhi, mita ya umeme shingoni, koleo mfukoni. Mratibu alikuwa ameshafika, bahasha kwapani. Dada hakumpa mkono. Alinyanyua godoro la kitanda, akafungua boksi, akagusisha nyaya za mita kwenye betri.

"Soma mwenyewe, bosi."

"Volti kumi na mbili nukta saba," Mratibu akasoma.

"Hizo ni betri zilizoshiba. Kama huyu angekuwa anachajia mtaa mzima simu, zingeamka hoi. Umemwita mdogo wangu mwizi kwa sababu ipi? Kwa sababu ni mpole?"

Mratibu akasema friji inazima, hilo halina ubishi. Dada akaniambia niiwashe. Iliguruma kidogo tu, ikakata. Niliiwasha tena, na safari hii dada akapima upesi kwenye betri: kumi na mbili nukta nne. Akapima nyuma ya friji: kumi nukta moja.

"Umeona? Betri inatoa, friji haipati. Umeme unapotelea njiani. Mmetupa betri mbili nzima, mmetaka kumtupa na mtu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeufuata waya!"

Akaufuata yeye. Alivua viatu, akalala kifudifudi, akang'oa kipande cha mbao sakafuni. Mimi nilishika tochi. Nyaya zilipita pale chini, zimejaa vumbi na tope kavu la barabarani. Mahali pamoja palikuwa na kiungo kilichoviringishwa tepu nyeusi. Alipokigusa alirudisha mkono haraka. Kilikuwa cha moto.

"Haya!" alipiga kelele mpaka kinamama wa foleni wakachungulia mlangoni. "Waya wa friji umesokotwa kwa vidole kama kilemba! Haukubanwa, haukutiwa risasi ya kulehemu! Aliyefanya hivi anyang'anywe koleo, akauze karanga!"

"Ni Kiraka huyo," alisema Mratibu, sauti imepata uhai. "Nitamwandikia leo leo. Hatagusa karavani zetu tena."

Dada alifuta tope kwenye tepu kwa kidole gumba ili aibandue. Akasita. Mwanga wa tochi ulikuwa palepale, nikaona alichokiona. Tone la rangi nyekundu.

Nilikumbuka. Ilikuwa siku ya uzinduzi, miaka sita nyuma, wageni wameshakaa vitini na Mratibu huyuhuyu anagonga saa yake dirishani. Dada alikisokota haraka, akasema atarudi kukifunga vizuri. Hakurudi, nami sikumkumbusha.

Mratibu hakuijua ile alama. Tuliijua sisi wawili. Kucha moja tu ingeikwangua, na kidole chake kilikuwa juu yake. Nakiri kwamba nilitaka aikwangue. Na papo hapo nilimchukia, kwa chanjo zile, kwa yale matusi ya foleni, kwa usiku wote niliolala na barua ya kufukuzwa kichwani.

"Ni mimi," alisema kutoka sakafuni.

"Nini?"

"Kiziwi? Kiungo hiki nilikifunga mimi! Kiraka hakuwahi kufika huku chini. Andika jina langu. Au kalamu imeisha wino?"

Kalamu haikuwa imeisha wino. Mratibu alitoa barua kwenye bahasha, akaiweka juu ya ile meza ya kukunja, akakata jina langu kwa mstari mmoja, juu yake akaandika la dada. Karavani nyingine tatu za mradi zilikuwa mikononi mwa dada, na ndizo zilizokuwa zikimlisha. Mimi hakuniomba radhi.

Dada aliipokea ile barua akiwa bado amelala kifudifudi. Alikata waya, akaumenya upya, akaubana kwa koleo, akautia risasi, huku akijitukana kwa sauti matusi yote aliyokuwa amemwekea Kiraka. Friji iliguruma, ikaendelea kuguruma. Kisha alitoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni.

"Shika tochi vizuri," alinifokea, akadondosha tone.