Kitabu cha Injini Nyingine

Haijanitoka akilini, mwanangu, siku ambayo shangazi yangu Mwanaidi aliletewa mashine ya kusaga pale Ngamiani. Alikuwa mjane, na ili ainunue alikuwa ameuza shamba lake la minazi la Mwera. Injini ile ikiharibika, hakuwa na kingine cha kutegemea. Ilikuja pamoja na kijitabu cha Kiingereza kilichong'oka jalada. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule, nikapewa kazi ya kukifasiri.

Nikasoma kwa sauti kubwa, huku wanawake wenye mahindi wamejaa mlangoni: injini iwashwe kwa petroli, ikishapata moto ihamishiwe mafuta ya taa. Nikainua kopo la petroli.

"Weka chini!" Alikuwa Maalim Sefu, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani petu, aliyekuja kuisomea mashine dua.

"Shikamoo, Maalim. Kitabu ndivyo kisemavyo."

"Marahaba. Kinaisema injini gani?"

"Si hii? Vimekuja gari moja."

"Mimi nami jana nilipanda gari moja na mbuzi. Basi ni ndugu yangu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Maalim hakucheka.

"Ukurasa ukichomoka msahafuni," akasema, "siupachiki popote. Nausoma, na maneno yake ndiyo yanayoniambia ni wa sura ipi. Haya, soma tena, na kila kinachotajwa nioneshe kwa kidole."

Nikasoma. Tangi lipo. Gurudumu lipo. Plagi ya kutoa cheche... Nikaizunguka injini nzima, nikainama, nikapapasa. Plagi haikuwapo.

"Maalim, injini isiyo na plagi ni ya dizeli," nikasema taratibu. "Petroli ingeweza kuipasua."

"Mola wangu, minazi yangu!" Shangazi akakaa chini palepale.

Muuza duka aliyemuuzia shangazi mashine alituambia kwamba siku hiyohiyo injini nyingine, ya kuvuta maji, ilikwenda Pongwe. Nikapanda baiskeli. Nilimkuta mwenyewe, mkulima wa Kibondei, amelowa jasho, kitabu mkononi.

"Kijana, kitabu hiki chataka dizeli tu. Na hiki kidude kilichochomekwa hapa juu nikifanyeje?"

Nilicheka hadi nikaiegemea baiskeli. Tukabadilishana vitabu. Kabla ya Alasiri maji yalitoka Pongwe, na Ngamiani shangazi alipiga vigelegele huku unga wa kwanza ukimwagika mikononi mwake.

Mwanangu, leo umezungukwa na maelezo mengi kuliko sisi. Usilitii andiko kwa sababu tu limeandikwa vizuri, wala kwa sababu limefika pamoja na kitu ulichonacho. Andiko laweza kuwa la kweli tupu na bado likawa si lako. Uliza kwanza linazungumzia nini. Tafuta kwa mkono kile linachokitaja. Usipokikuta, simama, kisha ulitafutie mwenyewe, kwani naye huenda anahangaika na la kwako.

Mola akujaalie akili ya kusoma na subira ya kulinganisha, na kila utakachokiwasha kiwake kwa heri.