Siku Bénédicte Aliponyamazia Maumivu Yake

Kijiji kizima cha wakimbizi cha Kashojwa kilijua Bénédicte anaumwa wapi. Ukimwamkia asubuhi, alianzia mgongoni, akapita mabegani, akashuka magotini. Na ukikosea ukamuuliza habari za kichwa, uji wako ulipoa. Wenzake wa kanisani walisema ni mawazo tu, na neno hilo lilimuuma kuliko mgongo wenyewe. Kilichomtuliza ni vidonge vidogo ambavyo mumewe, Appolinaire, alimnunulia dukani Kabingo. Jina la vidonge hawakulijua, ila waliviheshimu sana.

Siku moja akammiminia mchungaji Laurent chai, kikombe kikiwa kushoto, chai ikaishia pajani mwa mchungaji. Hapo Bénédicte akakiri kwamba siku hizi vitu vya upande huo humtoroka. Zahanati ikamtuma kwa daktari wa macho Mbarara.

Sasa, Appolinaire alikuwa bingwa wa mahojiano. Alishahojiwa mara nyingi kuhusu kuhamishiwa ng'ambo, na ingawa hakuhamishiwa popote, alijiona profesa. Njia nzima alimfunda mkewe: jibu kwa kifupi, usiongeze shida juu ya shida, umeleta macho, basi maumivu yaache nyumbani. Wakisikia yote watasema ni mawazo, wakurudishe.

Daktari Kaudha akamkalisha mbele ya mashine, akampa kitufe: ukiona taa, bonyeza. Bénédicte akajua mtihani ndio huu. Alibonyeza kwa bidii ya mtu anayepukuchua mahindi mvua ikinyemelea. Daktari akatazama majibu, kisha akamwambia kwa upole kwamba ameona taa hata pale ambapo hazikuwaka.

Akamuuliza kama anaumwa kichwa. Hapana. Mgongo? Hapana. Anameza dawa? Hata moja. Mwanamke aliyetafuta msikilizaji maisha yake yote amempata, naye amegeuka bubu! Appolinaire akatabasamu kwa fahari. Kisha Bénédicte akainama kuokota kitenge kilichomponyoka, akatoa mguno uliosikika hadi kwenye foleni.

Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaeleza kwamba wataalamu wameona maumivu ya muda mrefu na ugonjwa wa neva ya jicho wakati mwingine vikiandamana, na bado hawajakubaliana kwa nini. Lakini vidonge vingine vya maumivu, vile vya steroidi, vinaweza kupandisha presha ya jicho, nayo ikaiua neva kimyakimya. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, mradi aseme kweli.

Bénédicte akafungua pindo la kitenge, akaweka vidonge mezani. Appolinaire akaanza kuchunguza dari. Daktari akavitazama, akasema ndivyo vyenyewe, akamwonya asiviache ghafla. Atapunguziwa taratibu, atapewa matone ya macho, na maumivu yatatafutiwa dawa nyingine.

"Dokta, we unaamini kama naumwaka kweli?"

"Naamini, mama. Niambie yote."

Akaambiwa yote. Foleni ya nje siku hiyo ilikoma kwa kusubiri.

Kisha kipimo kikarudiwa. Safari hii kitufe kililia mara mojamoja, halafu kikanyamaza muda mrefu. Appolinaire, aliyesimama mlangoni, akashindwa kuvumilia.

"Mama Parfait, bonyeza," akanong'ona. "Bonyeza, mama."

"Nibonyeze nini, baba Parfait? Siko naona kitu."

Hapo Appolinaire akaogopa kweli. Mashine ikaendelea kuwasha taa zake upande ambao mkewe hakuziona.