Namna Nilivyomfanya Muniache Kuwa Kanishi

Kama mnataka kucheka chekeni sasa, maana nikianza kusimulia sipendi kukatizwa, na aibu hii nimeibeba peke yangu tangu siku ya arusi ya shemeji yangu Paluku (nikisema peke yangu nadanganya kidogo, kwa sababu kanisa zima lilikuwepo na kwaya ilikuwa imeshasimama). Mimi ni kinyozi. Naitwa Kambale, nina saluni ndogo karibu na soko hapa Bunia, kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na televisheni niliyoiweka juu ya kabati ili wateja wasichoke kungoja, ingawa anayeitazama zaidi ni mimi. Hiyo televisheni ndiyo iliyoniponza.

Jioni moja tulikuwa tunangoja mpira, na mahali pa mpira yakatokea mashindano ya mbwa ya huko Ulaya. Kubadilisha chaneli kwangu ni kazi, unapanda juu ya kiti na kubonyeza kwa ncha ya kalamu, na jioni ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupanda, basi tukatazama. Mwanzoni tulicheka tu, mbwa wanatembezwa juu ya zulia na watu waliovaa kostimi na tai, mzee mmoja anawafungua midomo na kuwachungulia meno, na watu wazima wanapiga makofi. Lakini baada ya muda kidogo kila mtu alikuwa amejichagulia wake na hataki asemwe vibaya. Claude, yule anayebeba abiria kwa moto, pikipiki yake nyekundu, alichukua mweupe mkubwa mwenye manyoya tele, akisema huyo hata mvua ya Bunia haimfikii ngozi. Mwalimu mmoja aliyekuwa ananyolewa ndevu alimpenda mwembamba mwenye masikio marefu, eti ana mwendo wa adabu. Mimi sikuona mwingine ila yule ambaye mtangazaji, kwa Kifaransa chake, alimwita kanishi: mweusi, kifua kimejaa manyoya, kiuno kimenyolewa hadi kinang'aa, miguuni ana mipira ya nywele kama soksi na mpira mwingine kwenye ncha ya mkia. Wenzangu waliona mbwa pale. Mimi niliona kazi ya kinyozi mwenzangu.

Na kanishi akashindwa. Kikombe kikaenda kwa mbwa mfupi mwenye tumbo karibu na zulia, ambaye hakuna kinyozi aliyewahi kumgusa, na mimi nikachukia kama ningekuwa nimeibiwa, nikasimama na mashini mkononi (mwalimu wa watu ana upande mmoja tu wa ndevu) nikawaambia wale waamuzi hawajui kitu, uzuri wa mbwa ni kichwa cha kinyozi, nipeni mbwa yeyote wa hapa Bunia, hata wa kwenye takataka, nitawatolea mshindi. Claude akaniuliza kama mdomo wangu nao unajua kunyoa. Hapo ningenyamaza maisha yangu yangeendelea vizuri.

Kwetu tuna mbwa anayeitwa Muniache. Jina hilo alipewa na mke wangu, Masika, na majirani wanajua vizuri kwa nini analiita kwa sauti kubwa kila jioni akiwa amesimama karibu na ua wao. Muniache ana manyoya mengi kuliko mbwa wengine wa mtaa, na tabia yake ni kumfuata Masika kila anakokwenda, sokoni, kisimani, hata kwenye mazoezi ya kwaya. Kesho yake nikamleta saluni kabla wateja hawajafika, nikawasha mashini, nikawa nampa ngozi ya samaki wa kukaanga kila akitulia, na niwaambie ukweli, alitulia kuliko wateja wengi. Akinyanyua mguu, napitisha mashini, nampa samaki. Akigeuza shingo, napitisha, nampa samaki. Alipotoka pale alikuwa kanishi kamili, na mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha hata leo.

Mtaa mzima ukaja kumtazama. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, lakini katikati ya kicheko mtu mmoja akauliza nilimnyoa kwa kitu gani, na nikaona wateja wangu wote wamenigeukia wanangoja jibu. Mnajua watu wetu na mashini ya kunyolea. Mtu atakula chakula cha barabarani kilichopitiwa na vumbi lote la Bunia bila kuuliza neno, lakini kabla mashini haijamgusa kichwa anataka kujua ilimgusa nani, anataka aone alkoli ikimiminwa na moto ukiwashwa juu yake. Na mimi nilikuwa na mashini moja tu. Nikasema nilitumia makasi.

Uongo huo ungelala salama kama isingekuwa arusi ya Paluku, mdogo wake Masika. Mnamjua Paluku, kijana aliyehangaika na mahari ya watu wa Kpandroma hadi akakonda, wakwe wanasema ndiyo, halafu wanasema tungoje kidogo, halafu wanasema ndiyo tena. Jumamosi ya arusi ikafika, na kazi ya kumnyoa bwana arusi na wasindikizaji wake ilikuwa yangu, kwa heshima ya undugu. Mama mukwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Butembo siku iliyotangulia. Huyo mama mimi namwogopa kwa adabu zote, sikai naye kiti kimoja, simtazami usoni, tukisalimiana mimi natazama ardhi.

Wasindikizaji niliwamaliza, wakatoka wazuri. Paluku akakaa, nikawasha mashini, nikashusha upande wa kushoto vizuri kabisa, na ndipo Masika akaingia na chai ya wasindikizaji, na nyuma yake Muniache. Mbwa akasikia ule mlio. Akaja moja kwa moja hadi miguuni mwangu, akakaa, akageuza shingo, akanyanyua mguu mmoja na kuushika hewani, akingoja samaki wake.

Nilimsukuma kwa goti, akahamia upande wa pili na kunyanyua mguu mwingine. Paluku alimtazama kwenye kioo, akatazama mashini, akanitazama mimi.

"Kambale, hii mashini ndio ulinyolea mbwa?"

Nikajaribu kusema habari za alkoli, lakini tayari alikuwa amesimama na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ni msitu, na wasindikizaji nao wameshika vichwa vyao wakijipangusa. Kelele zikawa nyingi hadi mama mukwe, aliyekuwa nje kwenye kivuli, akaingia. Wakamweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Hakuna mutu atasimama mbele ya Mungu na nywele yenye mashini ya mbwa iligusa. Mulete wembe za mupya, tutanyoa yote," akasema, kisha akanionyesha kiti changu mwenyewe. "Na tutaanza na ya huyu."

Jamani, nywele zangu ndizo zilizokuwa bango la saluni, zimechongwa pembeni, zimepandishwa juu, watu walikuwa wanaingia na kusema nipe kama hiyo ya kwako. Nilikaa kwenye kiti changu kama mteja, na mama mukwe wangu, ambaye sijawahi hata kumgusa mkono bila kuinama, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili akakipaka sabuni. Nilifumba macho kwa haya. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu, maana kwao yeye ndiye anayeitwa kuwanyoa wafiwa kukiwa na msiba, na miaka yote hiyo amejifunza mtindo mmoja tu, kipara. Hilo tulilijua wote mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyefikiri zaidi. Tulikuwa tumechelewa, simu zinalia mifukoni hatuzijibu, tunapokezana kiti, kila kichwa na wembe wake, na tukatoka pale mimi, Paluku na wasindikizaji wote, vichwa vyeupe vinang'aa, tukapanda moto kwenda kanisani bila kuongea kwa sababu ya hasira.

Sasa jiwekeni upande wa wakwe. Wametoka Kpandroma alfajiri, wamefika, bwana arusi hayupo, simu haijibiwi. Halafu linatokea kundi la wanaume wenye nyuso za huzuni, kimya, wote wamenyolewa wembe asubuhi ile ile, na nyuma yao mama mzaa bwana arusi bado ana sabuni kwenye vidole. Shangazi wa bibi arusi alitutazama, akaweka mikono juu ya kichwa, akaanza kulia. Mwingine akamfuata. Kabla hatujafika mlangoni wanawake wote wa upande ule walikuwa wanalia kilio cha msiba, na kwaya nayo, bila kujua ni nani aliyekufa, ikaacha wimbo wa arusi ikaanzisha ule wa mazishi.

Baba ya bibi arusi akaja mbele, mzee mrefu, kofia mkononi. Akamshika Paluku bega kwa huruma na kuuliza nani aliyekufa. Paluku akasema hakuna.

"Musitufiche," mzee akasema. "Kama kuko maiti, tunazika kwanza. Siye hatuwezi kutoa mutoto wetu juu ya kilio. Arusi itangoja."

Nilijua wakwe hawa na kungoja kwao, tena nikamwona bibi arusi ndani ya gari, shela ameipandisha, analia bila kujua analilia nini. Niliogopa kweli. Paluku akanigeukia, na mimi nikajua ni zamu yangu. Nikasogea mbele ya watu wote.

"Papa, hakuna mutu alikufa. Ni juu ya mbwa."

"Mbwa alikufa?"

"Hapana, papa. Iko muzima. Nilimukata nywele."

Akatazama kichwa changu, akatazama vichwa vya wengine kimoja kimoja.

"Mulikata mbwa nywele," akasema polepole, "na ni weye uko na kipara?"

Nikaeleza yote, televisheni, kanishi, samaki, uongo wa makasi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuamini. Mzee akatikisa kichwa, akasema anaona tunamfanyia mchezo kwenye msiba, akavaa kofia yake kuondoka. Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha njia. Masika, aliyekuwa amepitia nyumbani kubadilisha, alikuwa anafika na nguo zake za kwaya, na nyuma yake, kama kawaida yake, Muniache, kifua mbele, soksi zake miguuni, na ule mpira wa nywele unapepea kwenye mkia. Akapita katikati ya waombolezaji hadi kwangu, akakaa, akanyanyua mguu.

Mzee alimtazama kuanzia soksi hadi mpira wa mkiani. Kisha akavua tena kofia akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea ukuta wa kanisa, na shangazi aliyeanzisha kilio akacheka huku machozi ya kwanza hayajakauka. Arusi ikafungwa. Paluku hakusema nami hadi wakati wa keki, na kipande alichonipa kilikuwa kidogo.

Tangu siku ile mashindano yakitokea kwenye televisheni, ya mbwa, ya ng'ombe, hata ya maua, napanda juu ya kiti na kuzima, na wateja wengi sasa wanakuja na mashini zao ndani ya mifuko, wananitazama nikizifungua mbele yao. Nimeapa mashini yangu haitagusa tena kiumbe asiyejua kusali. Ile picha kubwa ya arusi iko sebuleni kwa wakwe, huko Kpandroma, na nasikia kila mgeni anayeingia mzee humwuliza, kati ya wanaume wote waliosimama pale, ni nani aliyenyolewa vizuri. Wageni hutazama vipara vyetu mstari mzima, halafu wote huonyesha kidole pale chini, miguuni pa bibi arusi, alipokaa Muniache. Niliwaahidi nitatoa mshindi hapa Bunia, na nimemtoa.