Mtoa Damu wa Mansura

Mtoa damu wa maabara moja ya Mansura, Misri, hugonga mshipa kwa vidole viwili kama mnunuzi apimaye tikiti maji, huku akikutania. Wagihi, mbeba vyuma vya mazoezi, alitolewa damu naye kabla na baada ya mazoezi.

"Fahali wangu, unakula nini?"

"Unga wa misuli, mama. Wa kopo."

Siku ya majibu hakumtania. Homoni ya kiume, ambayo hupanda mtu akibeba vizito, haikupanda. Ilikuwa chini mara zote mbili.

"Umeoa?"

"Miaka minne. Tunatafuta mtoto."

"Unga huo umetiwa dawa ya kukuza misuli, mwanangu. Mwili umeacha kutengeneza homoni yake, na bila hiyo mbegu za uzazi hupungua."

"Nikiacha itarudi?"

"Kwa wengine hurudi."

Wagihi akaikunja karatasi ya majibu. Mikono ile minene ikalitoa kopo la unga begini, ikalitupa kwenye pipa la taka.