Kiungo cha Mkono wa Kushoto

Katapila lilikuwa limepakwa rangi mpya, lakini rangi haifichi jino. Akiwa bado langoni mwa karakana, Shoto aliliona jino la tatu la ndoo yake ya kuchimbia, lile lililochomelewa likabaki fupi kuliko wenzake. Miaka tisa hakuwa ameliona. Mara ya mwisho lilikuwa limembana mdogo wake hadi kufa ubavuni mwa minyororo yake ya kutembelea, na watu wanne walikuwa wakimvuta.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa dereva wa katapila hilo. Msimamizi wa karakana alimwandikia neno moja tu kwenye ripoti: uzembe. Kwamba alishuka bila kuinua mkono wa usalama. Ni wenzo ulio kando ya kiti. Ukiuinua, nguvu ya mtambo inakatika, hata nguo ikinasa kwenye fimbo ya usukani, kama yake ilivyonasa, mtambo hautikisiki. Shoto hakwenda shule, lakini neno lile alilijua kwa umbo lake kama mtu anavyomjua adui kwa mgongo. Aliapa kwamba mdogo wake aliuinua. Mtoto yule aliinua mkono ule hata akishuka kuokota kofia! Kuna fundi aliyechezea nyaya, alisema, na msimamizi anamficha. Kwa kusema hivyo alifukuzwa, akatupwa kama ganda la muwa, yeye aliyewafundisha nusu ya mafundi wale kushika mita ya umeme.

Sasa msimamizi yuleyule alikuwa amemwita. Naye alikuja, si kwa ajili ya kazi. Alikuja kutafuta ushahidi.

"Dada, tumebadilisha sensa tatu za mkono wa usalama," msimamizi alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Likipita kwenye mabonde linazima. Kompyuta inasema mkono wa usalama umeinuliwa, na haujainuliwa. Siku nyingine tunauinua kweli, na bado linazunguka."

"Sensa kazi yake ni kuhisi na kupeleka habari kwa kompyuta; ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Nyinyi mmeua watatu."

"Hujapanda hata ngazi, umejuaje?"

"Wajumbe watatu hawawezi wote kuwa waongo. Mwongo yuko njiani."

Dereva wa sasa, baba wa mapacha, alicheka. "Mama, mimi hili naliita Kiziwi. Nikishuka nalipigia saluti, lisije likanifuata nyumbani."

"Na mkeo anasemaje?"

"Kasema nikifa asiletewe katapila. Aletewe mume."

Shoto hakucheka. Alipanda.

Ndani ya kibanda cha dereva kulikuwa na joto na harufu ya mpira wa zamani. Alipiga magoti nyuma ya kiti, na hapo akasikia mluzi. Mwembamba, wa kupitia menoni, kama mdogo wake alivyokuwa akipiga alipomshikia tochi. Akageuka. Ulikuwa upepo kwenye mpira wa mlango uliochanika. Aliuziba kwa kidole, mluzi ukakoma. Alipoondoa kidole haukurudi, na hilo lilimtisha zaidi.

Akaanza kazi. Aliichomoa kabisa sensa ya mkono wa usalama, ncha ya waya ikabaki ikining'inia. Kisha akapima upande wa pili, pale nyaya zinapoingia kwenye kompyuta. Waya uliokatwa kichwa ulipaswa kunyamaza. Mita ikalia.

"Unaongea na nani, wewe?" aliuuliza waya.

Alishika fungu la nyaya akalitikisa shubiri kwa shubiri, kutoka kwenye kompyuta kuelekea mlangoni, mita ikilia muda wote. Alipofika chini ya zulia la mpira, mlio ukakatika, ukarudi, ukakatika. Akafunua zulia, akachana gamba la nyaya kwa kisu.

Kilikuwa hapo. Kiungo. Mtu alikuwa ameunganisha nyaya mbili ili kompyuta iamini siku zote kwamba mkono wa usalama uko chini, na mtambo usizime kamwe. Utepe ulikuwa umeoza, nyaya zikawa zinagusana na kuachana. Shoto akajisemea: Nimewapata! Akabandua utepe.

Nyaya zilikuwa zimesokotwa kuelekea kushoto. Juu yake, uzi wa gunia, mizunguko mitatu.

Hakuna fundi mwingine aliyesokota hivyo. Yeye tu, kwa sababu ya mkono wake wa kushoto. Na mdogo wake, ambaye mkono wake ulikuwa wa kulia, lakini aliyejifunza kwa kumtazama dada, akaiga hata kinyume chake. Wenzake walimcheka sana kwa hilo.

Akakumbuka meza yao, mabaki ya chai, na mdogo wake akiuliza, "Dada, sensa ikikusumbua, unaidanganyaje?" Alisema ni ya pikipiki ya rafiki. Yeye akamwonyesha, kwa vipande viwili vya waya, huku akijisifu.

Basi aliuinua. Siku ile mkono wake uliinua wenzo kama ulivyozoea, na kichwa kikasahau kwamba wenzo ule alikuwa amekwisha kuuzima yeye mwenyewe.

"Umeona nini?" Msimamizi alikuwa ngazini.

Shoto alifumba ngumi juu ya kiungo. Ilikuwa rahisi mno. Angesema tu, ni kazi ya fundi wako, na nani angembishia? Nje, baba wa mapacha alikuwa akipiga soga, mgongo ameuegemeza kwenye minyororo, palepale alipobanwa mdogo wake.

Akafumbua mkono.

Msimamizi aliutazama msokoto. Naye alikuwa mwanafunzi wake zamani. Aliusoma kabla hajaambiwa. Akakaa kwenye ngazi.

"Mdogo wako aliniomba sensa mpya mara tano," alisema polepole. "Nikamwambia atafute njia yoyote, mtambo usisimame. Sikuuliza njia gani."

"Na mimi nilimfundisha. Sikuuliza ni ya nini. Lakini aliinua. Na hilo utaliandika."

"Nitaandika, dada. Na yangu nitaandika."

Shoto aliukata msokoto, akautia mfukoni, akarudisha waya na sensa kama vilivyotoka kiwandani. Kisha akamwita baba wa mapacha apande, awashe, ainue mkono wa usalama. Yeye akashuka, akaenda kusimama ubavuni mwa minyororo.

"Mama, toka hapo!"

"Vuta usukani."

"Siwezi."

"Vuta, mwanangu."

Akavuta. Injini ilinguruma, bati likatetemeka mgongoni mwa Shoto kama ubavu wa ng'ombe. Nyumba ya katapila, ile sehemu ya juu inayozunguka, haikusogea. Juu, mlangoni, mluzi ulianza tena.

"Tena," alisema, na hakutoka.