Paa la Maktaba Lililofuliwa kwa Maji ya Majivu

Saa mbili asubuhi ukungu wa Karatu bado haujaachia, na Cresensia Tluway yuko juu ya kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa. Mguu mmoja umekanyaga boriti, mwingine unatafuta pa kutua. Mkononi ana futi ya kamba, penseli ameichomeka kwenye kilemba. Anapima, anatamka namba kwa sauti, anaandika. Chini, fundi mkuu Patrisi anamwomba ashuke anywe uji kwanza.

"Nikishuka nitaanza kuogopa, nisipande tena," anajibu, na mafundi wanacheka.

Cresensia, mwenye umri wa miaka 27, ni mchora ramani wa maktaba ya tawi la chuo kikuu linalojengwa nje kidogo ya mji huu. Kazi yake sasa ni kuchora upya seti nzima ya ramani, ikionyesha jengo lilivyojengwa kweli, ili itunzwe ndani ya maktaba hiyohiyo. Ni kazi ya heshima. Lakini mwezi wa tano mwaka huu alikuwa na hakika kwamba angefukuzwa, na jengo lingebaki kuta tupu za kufugia mbuzi.

Alianza hapa kama mpiga chapa, baada ya kumaliza kidato cha nne. Msanifu majengo, Mzungu aliyekuja kwa mkataba, aliona mwandiko wake akampa kalamu ya wino. Kazi ilikuwa kunakili rasimu zake za penseli kwenye kitambaa cha kuchorea ramani. Kitambaa hicho ni pamba nyembamba iliyopakwa wanga mpaka ikawa ngumu na yenye kung'aa. Ukikiona unadhani ni karatasi nzito.

Ramani za paa ndizo zilizokuwa za mwisho. Alipozimaliza, rasimu zilirudishwa kwa msanifu Dar es Salaam, naye, mkataba wake ukiwa umekwisha, akasafiri nazo kwao. Mashine ya kutoa nakala iko Arusha, na karatasi yake haipatikani tangu mwaka jana. Paa zima la maktaba likawa limebaki kwenye bunda moja la kitambaa.

Masika yakaanza, ofisi ya mradi ikavuja. Cresensia akalibeba bunda nyumbani, akalifungia kwenye sanduku la mama yake, Bernadina, mahali pakavu kuliko pote anapopajua. Nani angemlaumu?

Sasa, msomaji anajua hali ya nguo ilivyo. Doti moja ya khanga unaipangia foleni tangu alfajiri, na ukifika dirishani imekwisha. Mama Bernadina alikuwa na wajukuu watatu wa kike wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na gauni jeupe. Siku moja akafungua sanduku lake.

"Niliona kitambaa kizuri kimechafuliwa na wino," anasema mama huyo bila haya yoyote. "Nikasema huyu mtoto ameniletea zawadi, anaona aibu kuniambia."

Akakiloweka. Wanga ukatoka, ikabaki pamba laini kuliko shuka za misheni. Sabuni haikuwepo dukani wala kwa jirani, akatumia maji ya majivu. Akakata, akashona magauni matatu.

Cresensia aligundua Jumapili ya Komunyo yenyewe, kanisani. Watoto walikuwa wanaelekea altareni, na mwanga wa dirisha ukampiga mgongoni mpwa wake Hyasinta. Katikati ya mabega kulikuwa na mistari hafifu ya kijivu, imekutana kwa pembe anayoijua.

"Ilikuwa kenchi namba tatu," anasema. "Inatembea kwenda kupokea Komunyo. Nilitaka kupiga kelele, nikaziba mdomo kwa kitenge."

Nje ya kanisa alimshika mama yake mkono. "Aayo, kitambaa changu kiko wapi?" aliuliza, akimwita mama kwa Kiiraqw. Mama akamwonyesha wale watoto watatu kwa fahari. Halafu akamwona mwanawe analia.

Siku iliyofuata Cresensia alikwenda mwenyewe kumweleza Mhandisi Raphaeli, msimamizi wa mradi. Mbao zilikuwa zimeshakatwa, na mvua za vuli zikikuta kuta wazi, matofali yangeharibika na mradi ungefungwa. Mhandisi akauliza swali moja tu: "Magauni yamefuliwa tena?"

Hayakuwa yamefuliwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Watoto walivuliwa magauni kwa ahadi na kwa pipi. Mama Bernadina, macho mekundu kwa majuto, alifumua mishono yake mwenyewe mmoja mmoja. Cresensia alibandika vipande kwenye kioo cha dirisha lililoelekea jua la asubuhi, akafuata mistari kwa penseli. Kiungo cha katikati cha kenchi kubwa hakikuonekana popote, mpaka mama alipokumbuka kwamba kipande kilichobaki alikifanya kichujio cha maziwa.

"Kilikuwa kinanuka mtindi," anasema Cresensia, "lakini kiungo kilikuwemo chote."

Namba nyingi zilikuwa zimefutika. Mhandisi Raphaeli alikaa naye meza moja, yeye akipiga hesabu za uzito na mbao, Cresensia akichora. Hesabu zilipopishana na mistari walirudi dirishani pamoja, wakabishana, wakachora tena.

Mwezi wa saba kenchi ya kwanza ilivutwa juu kwa kamba. Patrisi alikuwa ukutani akiipokea. Cresensia anasema hakuangalia. Alikuwa amegeukia barabara, amefumba macho. Alisikia mbao zikigusa ukuta, kisha sauti ya Patrisi: "Imekaa! Jamani, imekaa kabisa!"

Alikimbia akamkumbatia mhandisi mbele ya watu wote. Jambo hilo bado linatajwa kilabuni.

Magauni yameshonwa upya, na Hyasinta huvaa lake kila Jumapili. Mama Bernadina naye amepata mazoea mapya. Wageni wakipita barabarani huwasimamisha, anawaonyesha paa kwa kidole: "Lile nimelifua kwa mikono yangu mwenyewe."

Januari Cresensia anaondoka kwenda Arusha kusomea ufundi wa majengo. Mhandisi amemwandikia barua ya kumwombea nafasi, na amepata. Anataka kujifunza hizo hesabu alizokuwa akizitazama zikipigwa mezani.

"Hili nimelinakili mara mbili, mara ya pili nikililia," anasema, akilitazama paa kutoka pale juu. "Sasa nataka kuchora la kwangu."