Mkutano wa Kijiji, Jikoni Randburg

Mzee yule alininyang'anya kisu cha viazi siku ya kwanza, kabla sijavua hata koti. Binti yake alikuwa ameniajiri nimpikie, nimwogeshe na nishinde naye mchana kutwa, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza na alishawahi kuanguka bafuni. Mwenyewe hakutaka kusikia habari hizo. Aliketi kwenye stuli, akakibana kiazi kati ya magoti, akakimenya kwa mkono wa kushoto mpaka kikabaki kama punje ya karanga. Mimi ni mtu wa Tanga, sikulelewa kunyamaza.

"Mzee," nikamwambia, "kwa mtindo huu tutakula maganda."

"Basi tutakula maganda," akajibu. "Mimi siajiri mtu."

Nilidhani ni ubahili, au labda rangi yangu, nikanuna. Binti ndiye aliyenieleza wakati tunashuka kwa lifti. Baba yake alizaliwa katika kijiji cha Wayahudi kilichoanzishwa na chama cha wafanyakazi wa mashambani, huko kaskazini mwa Israeli, wakati nchi yenyewe haijapata hilo jina. Sheria ya chama ilikuwa kila mtu alime kwa mikono yake mwenyewe, na kuweka kibarua ilikuwa aibu kubwa. Mapenzi yalimleta Johannesburg akiwa kijana. Aliishi Yeoville enzi zile mitaa ilipokuwa ya Wayahudi, mitaa hiyohiyo ninayopanga mimi leo katikati ya wasusi na mafundi cherehani wa Kongo. Alihama nchi, lakini sheria ya kijiji alikuja nayo.

"Mwezi ukiisha hajakubali kusaidiwa, nampeleka nyumba ya wazee," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Najua kule atanyong'onyea afe. Lakini nikimwacha peke yake, bafu litamuua."

Basi tukaishi kwa vita, mimi na mzee. Nikifagia, naye anafuta vumbi. Akiingia bafuni anajifungia, nami nasimama nje kama mlinzi, nimetega sikio nisikie kishindo. Siku hizi nayatamani mabishano yale kuliko ninavyotamani mapumziko.

Kilichotulainisha ni mazungumzo ya vyama. Siku moja nilimwambia kwamba kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Nani aliwapa nyinyi sheria za chama chetu?" akaniuliza.

Kuanzia hapo hakunyamaza. Wazazi wake hawakuwa wakulima hata kidogo. Baba alikuwa fundi saa huko Poland, mama alishona kofia. Chama kiliwapokea hawajui kushika jembe, kikawapeleka kwenye mashamba ya waliotangulia wakajifunze kukamua na kupanda, kisha kikawatafutia ardhi, mahema, nyumbu wa kulimia na ng'ombe wa kuanzia. Kila jambo liliamuliwa mkutanoni kwa kunyoosha mikono: nani apokelewe, nani apewe eneo lipi. Kibarua hakuwa na kura. Lakini mwanachama akiugua, majirani walimlimia na kumkamulia mpaka apone, kwa kuwa leo kwake, kesho kwako. Alisimulia jinsi kila jioni watu walivyokutana kwenye banda la maziwa na madebe yao, wakakaa kupiga soga hata baada ya maziwa kupokelewa. Alipofika hapo macho yake yalikuwa ya mtoto.

Nilimwonea wivu, sifichi. Baba yangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Chama chetu cha wafanyakazi nacho kiligombana na wenye mashamba, kikatupatia posho nzuri zaidi na nyumba zisizovuja, ila ardhi ilibaki ya kampuni. Mzee alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza maswali mengi kuhusu mkonge, unakatwaje, unachoma kiasi gani. Ndipo nami nikamuuliza, kwa kuwa mtoto wa manamba hawezi kuacha kuuliza: kabla ya mahema yenu, pale alikuwa analima nani?

"Waarabu," akasema. "Wakulima wadogo. Mwenye ardhi alikaa mbali, akaiuza, wao wakaondoshwa. Sisi watoto tulikula tini za miti waliyoipanda. Sikumbuki mkutano hata mmoja uliouliza walikwenda wapi."

Hakuyapamba maneno. Nadhani nilianza kumpenda siku hiyo.

Mwisho wa mwezi ukafika. Binti alikuja Jumapili, akasema nafasi imepatikana na wiki ijayo mzee anahamia. Mzee hakufoka. Alivuta kiti cha mezani jikoni akaketi.

"Mtu haondolewi kijijini bila mkutano," alisema. "Kaeni."

"Eish, baba," binti akalalamika, lakini akakaa.

Mzee alisema kuna mambo mawili. La pili ni kama yeye aende au abaki hapa akihudumiwa nami. La kwanza ni mimi. Hawezi kuhudumiwa na kibarua, na kibarua hana kura. Nikipokelewa kuwa mwanachama, mambo yanabadilika, kwa sababu mwanachama akimsaidia mgonjwa hiyo si ajira, ni ujirani. "Anayekubali apokelewe anyooshe mkono," akasema, akanyoosha wa kushoto.

Mimi sikuruhusiwa kujipigia kura. Alibaki binti, na hesabu ile hata mtoto angeiona. Akinipokea, tutakuwa wawili dhidi yake, na baba habanduki. Akikataa, baba anakwenda. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Nilitaka kusema neno la kumsaidia, nami kwa maneno sishindwi, lakini bado sikuwa mwanachama.

Alinyoosha mkono taratibu, analia.

Shauri la pili halikuchukua muda. Kesho yake mzee aliniita nimsugue mgongo, na tangu hapo hatukugombana tena juu ya maji, tuligombana juu ya chumvi.

Alifariki msimu wa baridi uliofuata, kitandani kwake, mchana, jua likiwa limejaa chumbani. Nilimpigia simu binti kazini kwake Marshalltown. Aliuliza niko wapi hasa. Nikamwambia nimeketi kando yake, nimemshika.

"Usimwachie mpaka nifike," akasema.

Kutoka Marshalltown mpaka Randburg kwa mzee ni mbali, na saa zile kila robot, taa za barabarani za huku, ina foleni. Sikumwachia.